Siku Niliyomtoa Mjomba Majini

Nimeshaaibika mara nyingi, sisemi uongo. Niliwahi kusimamia mtihani saa mbili nzima zipu ya suruali ikiwa wazi, na niliwahi kumpa mtu pole ya kufiwa na mama yake, mama mwenyewe yuko jikoni ananipikia chai. Hayo nayasimulia bila kuombwa na nacheka kabla yenu. Hili la samaki ni jingine. Hili nikilikumbuka nikiwa natembea peke yangu barabarani natoa sauti, "Aaah!", watu wanageuka kunitazama, na mimi najifanya nimejikwaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu kijana wa baiolojia katika sekondari moja Mtwara mjini, nimepewa nyumba ya serikali Shangani (vyumba viwili, ukumbi, uwani, na bomba lililotoa maji likijisikia), na nilikuwa na ule ugonjwa wa walimu vijana, yaani nikijua kitu siwezi kukaa nacho kimya. Sasa akaja mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, anachunguza perege wa mabwawa ya kule mto Ruvuma unakokaribia kuingia baharini, akaomba mwalimu wa kumsaidia wakati wa likizo, nikaenda mimi. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kuandika. Lakini yule mama alikuwa akieleza kila anachofanya, na alichokieleza kilinivuruga akili.

Kumbe samaki nao wana vyeo. Ukiweka madume sita ndani ya tangi moja, haipiti siku tatu mmoja anakuwa bwana mkubwa: anageuka mweusi tii, kidevu kinakuwa cheupe, ncha za mapezi zinapata wekundu, anajichimbia kishimo mchangani na kumfukuza kila anayekatiza mbele yake. Wale wengine wanapauka, wanakuwa na rangi ya majivu, wanajibanza pembeni hata huwezi kusema kama ni madume au majike. Na si woga wa juujuu. Mle ndani ya ubongo kuna chembe chache zinazotoa homoni, na kwa samaki mnyonge chembe hizo zinanywea, kwa hiyo hata nguvu za uzazi zinamwishia. Haya, mwondoe yule mkubwa. Chai haijapoa, mmoja wa wale waliopauka anaanza kuingia weusi, anatanua mapezi, anawafukuza wenzake ambao jana walikuwa wakijibanza pamoja, na siku chache baadaye ubongo wenyewe umebadilika, zile chembe zimenenepa, homoni zinashuka mwilini, amekuwa mtu mwingine. Niliyaona kwa macho yangu haya, na wiki nzima sikuzungumza habari nyingine.

Yule mama alipoondoka aliniachia tangi moja la kioo, pampu ya hewa na perege sita, nikaviweka ukumbini kwangu, kila Jumamosi nikawa naleta wanafunzi kutazama. Majina waliyatoa wao (naanza kutupa lawama mapema, mnisamehe). Yule mkubwa, aliyekuwa na pengo kwenye pezi la mgongo kama ameng'atwa, wakamwita Mjomba. Wale watano waliopauka wakaitwa Wapwa. Kwa watu wa huku hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu baba tunampenda na tunamheshimu, lakini mwenye neno ni mjomba, yeye ndiye anayeoza, yeye ndiye anayegawa mashamba, na mpwa kazi yake ni kungoja. Darasa zima lilicheka, na somo la homoni, ambalo kila mwaka lilikuwa likiwalaza watu, mwaka ule walifaulu wote.

Wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Binti mwenyewe aliitwa Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi huko Ziwani, mwenye akili kunizidi na maneno machache kuliko mimi. Mjomba wake alikuwa Mzee Chilumba, mwenye mikorosho isiyohesabika na sauti ya chini ambayo watu walisogea kuisikia. Na ombi langu halikuwa dogo. Desturi ya kwao, ambayo ndiyo ya kwetu pia, mwanamume anahamia ukweni, anajenga huko, analima huko, wakwe wanamtazama misimu kadhaa kama ni mtu au ni mzigo. Mimi kazi yangu ilikuwa mjini, nikawa naomba kinyume chake, nimtoe Zuhura Ziwani nimlete Shangani. Mzee Chilumba hakukataa. Alisema atakuja kwanza mwenyewe aone mpwa wake anapelekwa wapi, kisha atatoa neno. Akisema hapana, hapakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Athumani, jirani, mstaafu wa bandarini, mtu aliyekwisha kupeleka posa nyingi na kuzirudisha na majibu mazuri. Aliniweka chini siku tatu kabla.

"Saidi, mwanangu, siku hiyo msemaji ni mimi. Wewe utasema shikamoo, utasema karibuni, halafu utatazama vidole vyako vya miguu mpaka wageni waondoke. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Hebu nijibu kwa kutikisa kichwa. Tuanze mazoezi."

Dada yangu Mwanahawa alikuja kutoka kijijini kupika. Dada huyu alikuwa hajawahi kuona samaki anafugwa, na tangi lile lilimkera tangu alipofika, hakulisogelea, alipita ukumbini amegeukia ukutani. Asubuhi ya siku yenyewe, akiwa anatandika mikeka, aliniuliza, "Kaka, hili dude nilifunike na kanga?" Na hapa ndipo kila kitu kilipoanzia, ndugu zangu. Kanga ilikuwa mkononi mwake. Nikasema, "Liache, linapendezesha nyumba."

Wageni walifika baada ya swala ya adhuhuri. Mzee Chilumba mbele, kanzu nyeupe na kofia ya kufumwa, nyuma yake wazee wawili wa ukoo, halafu Mama Zuhura na mdogo wake, ambao walipitishwa moja kwa moja chumba cha ndani, nyuma ya pazia (mkwe wa kike na muoaji hawatazamani usoni huku kwetu, na nilimshukuru Mungu kwa hilo baadaye). Mwisho kabisa akaingia mtu ambaye hakutajwa kwenye orodha: Shaibu, kaka yake Zuhura. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mabega yamejaa mlango, ambaye alikuwa akilima mikorosho ya mjomba wake tangu amalize darasa la saba. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba, na hata akiulizwa habari za safari alimtazama mjomba kwanza ndipo akajibu kwamba ni nzuri.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Mzee Athumani alisema, wazee wakaitikia, mimi vidole vyangu nilivitazama mpaka nikagundua kimoja kina alama ambayo sikuwahi kuiona. Mzee Chilumba alizungusha macho polepole, dari, dirisha, kabati la vitabu, yakafika kwenye tangi yakakwama.

"Hiki nini?"

"Mapambo, mzee mwenzangu," Mzee Athumani akawahi.

"Mapambo yanayopumua?" Akanigeukia mimi. "Mwalimu, hawa wanakula nini?"

"Pumba, mjomba," nikasema, na hapo nilistahili kupongezwa, maana neno moja tu lilitoka. Lakini mzee hakuridhika, akasogeza uso karibu na kioo.

"Na mbona huyu nkubwa mweusi, na hawa wengine kama wagonjwa?" (Wasiotujua: sisi watu wa Kusini m nyingi tunazigeuza n, tumezaliwa hivyo.)

Sasa nyie niambieni. Mtu aliyekaa likizo nzima na ndoo akiwatazama perege, unamuuliza swali hilohilo, kwa utaratibu huohuo, na unataka atazame vidole? Mzee Athumani alinikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya, nikausogeza nikamwachia nafasi.

"Mjomba, hilo swali ni zuri sana," nikasema (hivyo ndivyo ninavyowaambia wanafunzi), nikasimama. Nikaeleza ubongo. Nikaeleza homoni, kwamba ni kama barua inayotumwa kwa njia ya damu kutoka kichwani kwenda viungo vyote. Wazee wakasogea. Shaibu akasogea. Nikapata moto, na mtu akipata moto ulimi hurudi kwenye mazoea yake, nikanyoosha kidole kwenye kioo nikasema, "Huyu mweusi ndiye Mjomba. Na hawa waliopauka ni Wapwa."

Kimya. Ningeweza kuishia hapo, nikaomba radhi, nikasema ni utani wa watoto wa shule. Lakini mimi kimya kile nilikisikia kama usikivu.

"Mjomba akiwepo," nikaendelea, "mpwa hawezi kufanya lolote. Hana rangi, hana kishimo, hawezi hata kuoa. Si kwamba hataki, ubongo wenyewe umefunga. Na Mjomba huwakumbusha kila wakati kwamba yeye ndiye mkubwa. Mnajua anawakumbushaje? Kwa haja ndogo. Anawakojolea majini, homoni zimo humo humo, wakinusa wanaelewa."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kirefu chenye heshima zake, na nikakumbuka kwamba Mama Zuhura ana masikio. Mzee Athumani alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua. Nikajiandaa kukaa, wallahi nilishapinda magoti, ndipo sauti nzito ambayo hakuna aliyeitegemea ikatoka upande wa mlangoni.

"Na ukintoa?"

Alikuwa Shaibu. Alikuwa hamtazami mjomba wake. Alikuwa anatazama tangi.

Mzee Chilumba aligeuka akamtazama mpwa wake muda mrefu, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba pale palikuwa na neno la ukoo, la miaka mingi, lisilomhusu mwalimu wala samaki. Mimi niliona mwanafunzi aliyeuliza swali. Nikasema, "Kuambiwa ni kitu kimoja, tuone," nikachukua kichujio cha kuvulia na ndoo, nikamtoa Mjomba majini mbele ya mjomba.

Ndoo nikaipeleka uwani, mlango wa jikoni, penye kivuli. Dada Mwanahawa akanivuta mkono, "Kaka, wamezidi mmoja, yule mrefu hakutajwa. Samaki hawatoshi, nilinunua kwa vichwa." Nikamjibu, "Usijali, nimeshaona," maana kichwa changu kilikuwa ukumbini, nikaiweka ndoo miguuni pake nikarudi mbio nisije nikakosa mabadiliko ya rangi. Fikirieni picha hiyo kwa upande wake: anasema samaki hawatoshi, kaka yake anasema ameshaona, anamwekea ndoo yenye perege mkubwa anayerukaruka.

Ukumbini mambo yalikuwa yameanza. Mmoja wa Wapwa, aliyekuwa akijibanza karibu na pampu, ametoka katikati. Mstari mweusi ulishuka usoni, kisha mgongo, kisha ubavu, kama wino unavyoingia kwenye kitambaa. Shaibu alipiga magoti mbele ya kioo, pua inagusa.

"Anaiva! Njomba, ntazame, anaiva!" Akacheka. Watu wa Ziwani waliniambia baadaye hawakuwahi kumsikia akicheka, na mimi nawaamini, kile kicheko kilitoka kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa. Mzee mmoja wa ukoo naye akacheka, akamgusa Mzee Chilumba begani. "Chilumba, umeona? Hata maji hayajatulia!"

Mzee Chilumba hakucheka. Alivuta kanzu yake ikafunika magoti, akasema kwa sauti ile ya chini, "Nimeona."

Chakula kikaletwa. Wali wa nazi, kisamvu, mchuzi wa kuku, na sahani za samaki wa kukaanga, kila mtu na wake, na mbele ya Mzee Chilumba likawekwa samaki kubwa kuliko yote, kwa sababu dada yangu ni mtu aliyelelewa, anajua mkubwa anapewa kikubwa. Nilifurahi. Niliona heshima ya chakula itafunika maneno yangu. Mzee alikula taratibu, akamaliza ubavu wa kwanza, akamgeuza, na alipomgeuza pezi la mgongo likasimama juu, limekauka kwa mafuta, na katikati ya pezi lile palikuwa na pengo kama ameng'atwa.

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu ikishuka miguuni. Nikanywa maji, nikanywa tena. Nikamtazama Mzee Athumani, naye aliponiona usoni aliacha kutafuna.

"Huyu samaki ntamu," Mzee Chilumba akasema, na ndiyo maneno mazuri ya kwanza aliyoyatoa tangu aingie. "Si wa baharini huyu."

"Si wa baharini, mjomba," nikasema.

Akammaliza. Akanyonya na mifupa ya kichwa. Akanawa, akajifuta, akashukuru Mungu, kisha akakaa vizuri, na nikaona sasa anatoa neno, na kweli akalitoa.

"Mwalimu. Kabla sijaondoka, nrudishe mwenyewe majini. Nataka na hao wazee waone, na Shaibu aone. Umetuonyesha akitolewa. Tuonyeshe akirudi."

Kila mtu akageukia tangi. Nikasema, "Mjomba, kwa kawaida tunamwacha apumzike kwanza" (Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema). Akasema atangoja. Nikasema huwa anapumzika hata siku nzima. Akasema, "Basi nletee nimwone anavyopumzika." Nikaenda uwani nikijua ninachokwenda kukikuta, nikaikuta ndoo imeoshwa na kuanikwa juani, na mtu mwenye akili angebaki kule kule akapanda ukuta akakimbilia baharini. Mimi niliichukua, sijui kwa nini, nikarudi ukumbini nimeishika ndoo tupu kwa mikono miwili.

"Yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mtu niliyeshindwa kunyamaza mchana kutwa, pale ndipo maneno yaliponiisha. Aliyejibu ni dada Mwanahawa, amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, anatabasamu kwa kuwa alisikia chakula kimesifiwa.

"Wa kwenye ndoo? Si ndiye huyo uliyemla, baba? Nilisema mkubwa apewe mkubwa."

Halafu Shaibu akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, kikatokea puani, na nyuma ya pazia (hili ndilo lililonimaliza) mwanamke mmoja naye akacheka, nadhani ni mama mdogo. Mzee Chilumba alisimama. Akavaa viatu vyake bila haraka, kimoja, kingine. Akamwambia Mzee Athumani, si mimi, "Mwambie mwalimu tumeona nyumba." Wakatoka. Shaibu alitoka wa mwisho, na mlangoni aligeuka akatazama tangi mara nyingine.

Mzee Athumani alingoja vumbi la wageni litulie. "Nimepeleka posa nyingi," akasema. "Zimekataliwa kwa ukoo, zimekataliwa kwa dini, zimekataliwa kwa kazi. Kwa kitoweo, hii ya kwanza."

Habari zilifika Ziwani kabla ya wenyewe, na huko zikakua. Ikasemekana mwalimu wa Shangani ana kioo cha kuonyesha nani atakufa na nani atarithi. Ikasemekana nimemlisha mzee kivuli chake. Watu wawili walinijia kwa siri, wamevaa vizuri, kuuliza kama naweza kuwaangalizia wajomba zao. Shuleni wanafunzi wakawa wakiniona wanasimama na kutanua mikono kama mapezi. Hayo yote ningeyavumilia. Zuhura alikuja Jumatatu baada ya kazi, hakuketi.

"Uliombwa kitu kimoja, Saidi. Kukaa kimya. Hata kuku anaweza."

"Zuhura, yalikuwa maelezo ya kisayansi..."

"Mjomba haongei na mtu. Hali chakula kwa dada zake. Na mimi wamesema nisikutaje tena pale nyumbani." Machozi yakamtoka na akakasirika kwa kutokwa na machozi. "Ulimtazama samaki. Watu waliokuwa wamekaa mbele yako hukuwatazama."

Alipoondoka nilikaa mbele ya tangi. Nilikuwa nimejiona mtu mwerevu kwa miezi mingi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi nilivyokuwa mjinga, na iliniuma, maana nilikuwa nampenda na nilikuwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki tatu nikangoja, Mzee Athumani hakuleta jibu, kwa hiyo nikapanda baiskeli nikaenda Ziwani peke yangu, jambo ambalo muoaji hafanyi, lakini desturi nilizokwisha kuzivunja zilikuwa nyingi hata moja zaidi haikuonekana. Mzee Chilumba alikuwa barazani kwake anachambua korosho, nzuri huku, mbaya kule. Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nilikosa adabu, nilikosa akili, sikukusudia. Halafu nikanyamaza. Aliniacha hivyo mpaka magoti yakafa ganzi.

"Yule aliyetolewa," akasema bila kuinua kichwa. "Ukinrudisha, wenzake wanankubali?"

Jibu nilikuwa nalo. Yule mama mtafiti alinieleza vizuri: akikaa nje muda, akirudi anakuta mahali pake pana mwenyewe, anapigana upya, na mara nyingi aliyerudi ndiye anayepauka na kujibanza pembeni, na mle kichwani chembe zake nazo zinanywea. Nilimtazama mzee. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, na vilikuwa vimesimama, havichambui, vinangoja. Nikaelewa kwamba wiki tatu nzima alikuwa akijiuliza hilo, na hakuwa anauliza habari za perege. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya ndoo.

"Sijui, mjomba," nikasema.

"Mtaalamu mzima hujui?"

"Sikupata nafasi ya kumrudisha."

"Kwa nini hukupata?"

"Ulimla, mjomba."

Naapa haikuwa kejeli. Lilinitoka kwa sababu ndilo lilikuwa jibu. Mzee alinitazama, mashavu yakaanza kutetemeka, nikafikiri sasa analaaniwa mtu hapa, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Alicheka mpaka korosho zikamwagika, mpaka kofia ikadondoka akaiokota na kuipangusa huku bado anacheka, mpaka wanawake wakachungulia kutoka uwani kuona nani amekuja.

"Alikuwa ntamu," akasema alipopata pumzi. Kisha akawa mtu wa sauti ya chini tena. "Shaibu nimenkatia mikorosho ya upande wa barabarani. Alikuja akasimama hapohapo ulipopiga magoti, akaomba mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nangoja aombe. Si kwa ajili ya samaki wako, usije ukaenda kujisifu mjini."

"Siendi, mjomba."

"Na Zuhura unchukue. Lakini kila msimu wa korosho unakuja hapa, unaokota kama mkwe mwingine yeyote, na ukiwa hapa usinifundishe kitu."

Nikatikisa kichwa. Safari hii sikutoa neno hata moja, na mazoezi ya Mzee Athumani yakawa yamefaa, japo kwa kuchelewa.

Wale perege watano niliwarudisha bwawani walikotoka, tangi dada Mwanahawa akaomba akahifadhie mchele. Likizo zangu tangu hapo nimezimaliza Ziwani nimeinama chini ya mikorosho, na anayenisimamia ni Shaibu, ambaye ameoa, ana sauti inayosikika mpaka barabarani, na anapenda sana kuitumia. "Mwalimu! Hizo umeziacha, rudi nyuma!" Narudi, nasema, "Ndiyo, shemeji." Na somo la homoni bado nalifundisha, maana limo kwenye mtaala, sina ujanja. Ila samaki ninaowachora ubaoni sasa wanaitwa Moja, Mbili, Tatu, na mwanafunzi akinyoosha mkono kuuliza Moja akitolewa kunatokea nini, namwambia afungue kitabu, asome mwenyewe, kimyakimya.